Damu ya Spana na Madaktari wa Benchi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na anayelikalia huinuka daktari. Asubuhi hiyo mgonjwa alikuwa Spana, fundi wetu wa magari. Mwaka mzima utumbo wake mpana una vidonda na anaharisha damu. Ovaroli iliyokuwa ikimbana sasa inamning'inia. Vidonge vimeshindwa, na hospitali imempa nafasi kwenye mashine ya kuchuja damu. Alitakiwa ajibu kabla ya saa sita. Kahawa ilishamiminwa, basi tukaanza.

Spana alilieleza jambo kifundi.

— Ni filta ya oili tu. Unatoa uchafu, unarudisha oili, gari linatembea.

Kinyozi, aliyekwisha kuisoma karatasi ya daktari, akamkatalia. Hautolewi uchafu. Zinatolewa chembe nyeupe, wale askari wa mwili waliogeuka kumpiga bosi wao tumboni.

— Sasa ukiwatoa askari, nani atalinda? — akauliza Dobi. — Halafu damu nzito kuliko maji. Itaziba bomba.

— Methali hiyo ni ya undugu, Dobi, — akasema Kinyozi.

— Kwani bomba linajua?

Kinyozi akasema wanapunguzwa wale wenye hasira tu, kisha daktari anapima alama zao kwenye damu aone kama wamepoa. Na si kila mtu husaidiwa na mashine hiyo. Nilimwamini mpaka alipoongeza kwamba hasira ikichujwa, mtu hurudi nyumbani mpole hadi mkewe anaingiwa na wasiwasi. Dobi akasema hiyo nafuu. Yeye alisikia mashine hubakiza damu ya aliyetangulia, ukaondoka na tabia zake na madeni yake. Akamalizia kwa haba na haba hujaza kibaba, na hakuna aliyejua kwa nini. Mimi, mshona viatu, nikaapa kwamba damu lazima irudishwe ya moto, kama gundi, la sivyo haishiki. Sijui nilikoitoa hiyo.

Katika maneno yote hayo Spana alikwenda chooni mara mbili, akishika ukuta.

Akafika dada yake, sare ya kiwandani mwilini. Akatuamkia vizuri, akasema ametoka kuongea na nesi. Ni kila Jumatano, wiki kumi. Damu inatoka mkono huu, inarudi mkono ule, saa nzima, sindano kote kuwili, na haruhusiwi kukunja hata mkono mmoja.

— Mimi Jumatano nina zamu, kaka zangu. Nani atakaa naye?

Dobi akainama kupuliza makaa ya pasi yake. Kinyozi akakung'uta taulo lililokuwa safi. Mimi nilishika kiatu nilichokwisha kukishona, nikakitazama soli. Niliona aibu.

Spana aliomba kalamu, akaitia sahihi karatasi ya daktari juu ya goti.

— Nitakwenda peke yangu, dada. Pua ikiniwasha, nitavumilia.