Ripoti Niliyoandika Juu ya Tabby

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Daktari Msimamizi, Mchungaji, wafanyakazi wenzangu wa Thika na wa tawi letu la Ruiru, na jamaa zangu mliotoka Kiuu kuja kunisindikiza ninapostaafu: hamjambo. Emsii amenipa dakika tano, ingawa yeye mwenyewe amekula ishirini. Haidhuru. Nimechoka, na sina maneno mengi.

Tangu asubuhi mnanisifu. Mmesema Nicanor Njau ameshika kompyuta za hospitali hii miaka kumi na tisa bila doa. Nimekaa nikisikia hayo, na keki nimeirudisha mezani.

Wengi wenu hamjui kazi yangu, na si kosa lenu. Ile programu inayopeleka majibu ya maabara hadi wodini haijitegemei. Ndani yake mna programu ndogo ndogo, mia mbili na kitu, zilizoandikwa na watu tusiowajua, na zote tumezifunga pamoja katika kile tunachokiita kontena. Moja ikibadilishwa huko ilikotoka, nyingine zinaweza kukataa kufanya kazi nayo. Kwa hivyo mtu makini huandika: nataka toleo hili, si lingine. Mimi niliandika: leta lililo jipya kabisa.

Na desturi yangu mnaijua. Kila Jumatatu, ibada ikiisha, Mchungaji akisema amina, mimi huenda kuzima seva zote, zile kompyuta kubwa zinazoendesha programu hiyo, na kuziwasha upya, ndiyo wiki ianze safi. Mlikuwa mkicheka, mkisema Mzee Njau ameenda kubatiza mashine. Nani aliwahi kuniuliza kwa nini? Kila nilipowasha, kontena lilijengwa upya, likivuta vitu vipya, nami siangalii ni nini kimeingia.

Tabby aliangalia. Ni mhandisi wetu wa programu, mwaka wake wa pili hapa. Aliorodhesha kila kitu tunachotegemea, akasoma matangazo ya waliovitengeneza, akaja ofisini kwangu Ijumaa. "Mzee, kuna moja inabadilishwa wikendi hii. Ukiwasha Jumatatu, maabara haitaongea na wodi. Niruhusu niandike nambari ya toleo, ni mstari mmoja tu."

Nikamjibu, "Tabby, hizi seva nilianza kuziwasha wewe ukiwa nasari."

 Akaweka tu kwenye mfumo kiprogramu chake cha kukagua kinachobadilika, akaenda zake.

Jumatatu niliwasha. Majibu yakaacha kufika. Mama mmoja wa Ngoliba, Mwongeli, alikuwa chumba cha upasuaji akivuja damu, na daktari anangoja skrini imwambie ni damu ya kundi gani, na skrini haina kitu. Kiilu wa maabara akapanda ngazi mbio, karatasi ya majibu mkononi. Mama alipona, na mtoto pia, Mungu ashukuriwe. Lakini je, kama Kiilu angekuwa ameenda chai?

Nilihangaika masaa mawili. Nilimfukuza Tabby kutoka chumba cha seva. Nilipomwita hatimaye, alilinganisha orodha ya Ijumaa na ya Jumatatu, akanionyesha kilichobadilika. Alitumia dakika kumi na moja.

Halafu nikaandika ripoti. Niliandika kwamba wa mwisho kugusa mfumo alikuwa Tabby. Ni kweli, kile kiprogramu kilikuwa na jina lake. Kilikuwa kinasoma tu, hakibadilishi chochote, na hilo sikuliandika. Nilikuwa nimebakisha wiki tano nistaafu, ndugu zangu. Niliogopa. Mkamsimamisha kazi kwa neno langu, na Jumatano kamati ya nidhamu inakaa kumfuta kazi.

Mwenyekiti, najua hukutarajia haya mbele ya wageni. Ningeyasema ofisini, mngeniambia, pumzika mzee, tutaangalia. Ndiyo maana nayasema hapa, hawa wote wakisikia. Ripoti ile inadanganya, na mwandishi ni mimi. Ya ukweli nimeitia sahihi, Daktari Msimamizi anayo. Mkitaka kunichukulia hatua, nyumbani kwangu mnapajua.

Tabby, umekaa pale nyuma kwa sababu wenzako walikusihi uje. Nimekukosea. Sikuombi unisamehe leo.

Kwenu nyote, asanteni kwa kunivumilia. Kwenye orodha ya Tabby kuna programu nyingine mbili zinazobadilishwa mwezi huu, na hapa ndani hakuna mwingine anayejua kuisoma. Mimi nimeshaondoka. Mrudisheni.