Kiti cha Kiden

Bwana asifiwe! Aliye na nguvu ya kujibu na ajibu. Asiye nayo leo akae tu, mimi nitajibu kwa niaba yake, maana nazijua siku ambazo mtu anasikia watu wote wanasema "Amina" na kinywa chake kinabaki kimefungwa kama duka la marehemu.

Mimi si mtu wa maneno, mnanijua. Naishi hapa Manibe, nanunua maharagwe Koboko na kuyauza Arua, na shule niliiacha mapema. Mchungaji ameniomba mara nyingi nisimame mbele yenu, nikakataa. Leo nimekubali kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Mwenzangu katika jambo hili yuko humu ndani.

Ndugu zangu, gari langu mnalijua, lile saluni la rangi ya fedha. Si gari kubwa, si dogo. Linabeba baba, mama, watoto, na magunia machache kwenye buti. Tulilinunua mimi na mke wangu Kiden, likiwa limekwisha kutumiwa na wengine. Mimi Mlugbara, mnajua, naye Kiden alikuwa binti wa Kikakwa kutoka Lobule, upande wa Koboko. Siku nilipolileta nyumbani alilizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria, akakaa, akafunga mlango.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Hata askofu akikuja, yeye iko nyuma."

Akakaa hapo miaka yote ya ndoa yetu. Na kwa kuwa alikaa hapo, alilijua gari kuliko mimi. Alijua linavyogonga chini kwenye mashimo. "Hii gari yako inapiga mutu kama askari," alikuwa akisema. Alijua kioo chake hakifungi mpaka juu, na mvua inamlowesha bega. Alijua vumbi linavyoingia mlango wa nyuma. Tukifika kwao Lobule, sote tulikuwa wekundu mpaka kwenye nyusi, naye akicheka: "Sasa Mulugbara na Mukakwa, wote iko kabila moja."

Nilimwambia nitatengeneza. Akasema maharagwe kwanza, ada ya shule ya Fibi kwanza, gari litangoja. Tulikubaliana hivyo. Gari likangoja.

Kisha akaugua. Nilimpeleka hospitali mjini Arua asubuhi moja, amekaa pale pale, amefunga mkanda. Barabara ya kutoka kwetu ilikuwa imeharibika kwa mvua, na kila shimo lilimuumiza. Akanishika mkono uliokuwa kwenye gia, akasema, "Polepole, Baba Fibi. Polepole."

Nikaenda polepole. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwake. Hospitalini hakusema tena. Daktari alinieleza vizuri kabisa kwamba ugonjwa ulikuwa wa zamani ndani ya damu, wala safari haikuongeza wala kupunguza kitu. Nilimsikia. Masikio yangu yalimsikia.

Tukamzika.

Ndugu zangu, kuna watu wakifiwa wanakunywa. Wengine wanapigana na ndugu. Mimi nilitengeneza gari.

Nililipeleka Arua, gereji ya Mzee Saidi. Nikamwambia aliinue, lisiguse chini tena. Akaweka springi mpya na shokapu mpya. Nikarudi kwa ajili ya kioo cha upande wa abiria. Nikarudi kwa ajili ya mipira ya milango, vumbi lisiingie. Nikarudi kwa ajili ya taa. Kila alicholalamikia Kiden nilikitengeneza, na kila kilipokamilika niligeuza uso kushoto nimwonyeshe. Hakuna mtu. Kulikuwa na kitenge chake tu, kile cha maua ya manjano. Nilikitandika kwenye kiti chake na kukifungia mkanda juu, kisianguke.

Mzee Saidi alianza kwa mzaha. "Ndugu, unataka kuoa hii gari?" Baadaye mzaha ukamwisha. Siku moja alifunga boneti, akafuta mikono, akaniambia, "Mutu yangu, gari iko mzima. Mugonjwa iko wewe. Mimi hapana fundi ya hiyo."

Sikumsikiliza. Nilitafuta kingine cha kutengeneza.

Kiti kile hakuna aliyekikalia. Binti yetu Fibi, ambaye sasa anakaribia kumaliza sekondari, alifungua mlango wa mbele siku moja tukienda sokoni. Nilisema neno moja tu: "Nyuma." Akaenda nyuma. Tulipofika akasema, "Baba, gari imepata nguo mpya. Mimi bado navaa sweta ya Mama. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu." Akashuka na kikapu chake.

Na Jumapili nilifika hapa pamoja nanyi, mnakumbuka, lakini nilibaki nje nikifuta vioo. Mlidhani napenda usafi. Niliwasikia mkiimba, na nyimbo zote nazijua. Nilijaribu kuomba, hata neno "Bwana" halikutoka. Nilikuwa nimekauka, ndugu zangu! Mtu anatembea, anauza maharagwe, anawasalimu watu, na ndani amekauka kama kibuyu!

Sasa sikilizeni Bwana alivyofanya. Hakuja kwa radi.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja cha kutengeneza, nacho ni viti. Fundi wa viti mjini Arua aliking'oa kile cha nyuma ili akishone upya, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Nikaona afadhali niende Koboko na gari tupu nyuma, magunia yataingia vizuri. Niko pale sokoni, maharagwe bado hayajapakiwa, simu ikalia. Alikuwa Lemi, kaka yake Kiden.

"Shemeji, uko wapi?"

"Koboko sokoni."

"Ashukuriwe Mungu! Kimbia huku. Mama anakufa. Tumbo imefunga, imevimba, anatapika tangu jana. Gari ya wagonjwa imepeleka mutu mwingine. Kwa pikipiki hawezi kukaa."

Nikaenda Lobule. Na hapa inabidi niseme jambo ambalo wengi wenu mnalijua, lakini vijana mmeanza kulisahau. Kwetu mama mkwe ni kama moto, unauota kwa mbali. Hukai naye, huli mbele yake, humtazami usoni. Akitaka kukuambia neno, analipitisha kwa mtu mwingine. Mimi na mama yake Kiden tulishika adabu hiyo tangu siku ya mahari. Hata kwenye mazishi nilisikia sauti yake tu, kutoka upande wa akina mama.

Wanawake wakamtoa nyumbani wamembeba. Lemi akafungua mlango wa nyuma. Akatazama ndani, akanitazama mimi.

"Shemeji, kiti iko wapi?"

"Iko kwa fundi."

"Kwa fundi! Sasa mama nilaze juu ya chuma? Na barabara hii?"

Wote wakageuka kutazama kiti cha mbele. Mmoja wa wale akina mama akachungulia kwenye kioo, akaona kitenge kimefungwa mkanda, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani amekaa?"



Ndugu zangu, nasema kweli mbele za Mungu. Nilisimama mbele ya mlango ule, mkono uko kwenye kitasa, na mkono haukufungua. Mwanamke anakufa, mama aliyemzaa mke wangu, na mkono wangu unakataa! Nilijiambia ni adabu, mkwe hakai na mama mkwe bega kwa bega. Haikuwa adabu. Nilikuwa nalinda kiti cha mtu aliyezikwa.

Ndipo nikasikia sauti kutoka mikononi mwa wale wanawake, dhaifu lakini kali.

"Lemi. Ambia hiyo gari ifungue mlango."

Nikafungua. Nikafungua na mkanda. Wakamkalisha. Alipoona yuko karibu nami kiasi kile, akatafuta cha kufunika uso wake kama adabu inavyotaka, hakuna kingine cha kushika, akavuta kile kitenge cha maua ya manjano kutoka chini yake na kujifunika kichwa. Kitenge cha binti yake. Nikageuza macho yangu barabarani.

Maji yalikuwa yameikata barabara sehemu nyingi. Lemi akatangulia na pikipiki kutuonyesha pa kupita. Tukabaki wawili ndani ya gari, hakuna mtu wa kupitisha neno. Mimi nikaendesha. Springi mpya zilifanya kazi yake, gari halikugonga chini hata mara moja. Nikaenda taratibu, nikikwepa kila jiwe, nikipunguza mwendo kwa kila shimo, kama vile ninasikia mkono juu ya gia.

Akasema. Hakusema nami. Alisema na dashibodi.

"Gari. Ambia mwenye yako aendeshe. Mimi iko mugonjwa, hapana yai."

Nikaongeza mwendo kidogo, kisha shimo jingine likaja nikapunguza tena. Nilimsikia akiugua chini ya kitenge. Kisha akasema tena, na safari hii hakuwa na ukali.

"Gari. Ambia mkwe yangu. Mwenye amekaa hapa sasa ni mimi. Ule mwingine tulizika. Mimi nilikuwa pale, niliona. Endesha."

Ndugu zangu! Mwaka mzima watu waliniambia Kiden amelala, Kiden yuko mahali pema, Kiden ananiona. Hakuna aliyeniambia kwamba tulimzika. Aliyeniambia ni mama yake mwenyewe, akiwa amejifunika kitenge chake, akiwa na uchungu ambao ungemfanya mwanamume apige kelele. Nikakanyaga mafuta. Machozi yakaja hata barabara siioni vizuri, na kinywa changu kikafunguka. Nikasema, "Bwana!" Nikasema tena kwa nguvu, "Bwana! Bwana!" Sikuwa na neno jingine. Neno hilo moja lilitupeleka kutoka pale mpaka lango la hospitali mjini Koboko, na gari likaruka na kugonga kama zamani, nalo sikulijali!

Walimpasua siku ile ile. Utumbo ulikuwa umejisokota. Muuguzi alitoka akatuambia yu hai, na kwamba tungechelewa zaidi tungemkosa. Lemi akakaa chini sakafuni, akalia kama mtoto. Mimi nikarudi kwenye gari. Kiti cha Kiden kilikuwa kimechafuka, alitapika njiani. Nikakisafisha kwa maji na sabuni. Doa halikutoka lote. Nikaliacha. Ule ushonaji mpya nilioupanga kwa kiti kile sikuufanya tena.

Siwadanganyi, ndugu zangu. Huzuni haijaondoka. Asubuhi bado natengeneza chai nyingi kupita kiasi. Nikifika penye mashimo ya njia ya Arua, pale Kiden aliponishika mkono, mguu wangu unainuka wenyewe, na siwezi kuuzuia. Bwana hakunirudishia Kiden, wala sikumwomba, maana najua tulimzika. Alichonifanyia ni hiki: alinifungua mkono. Sasa Fibi anakaa mbele, analalamika kuhusu redio, na sweta amepata yake. Gari limechukua wajawazito kwenda hospitali, limechukua mgonjwa wa Mzee Saidi, yule fundi Mwislamu aliyeniambia ukweli kabla sijawa tayari kuusikia.

Kama uko hapa leo na kuna kiti umekifunga mkanda, usiniambie mimi ni kiti gani. Mwambie Bwana. Neno moja linatosha. Hata kama ni hilo moja tu, mara tatu, barabara nzima, anasikia.

Nimesema kuna mwenzangu humu ndani. Yuko upande wa akina mama, nyuma, na siwezi kuinua macho kumtazama. Alitaka kuja mwenyewe kutoa shukrani. Kiti cha nyuma kilikwisha kurudi kutoka kwa fundi zamani, na asubuhi ya leo Lemi alimfungulia mlango wa nyuma kama inavyopasa. Akakataa. Akafunika uso, akaliambia gari, "Mimi najua mahali pangu," akakaa mbele.

Basi nawaomba ninyi mliokaa karibu naye, mwambieni mkwe wake anashukuru. Mwambieni kiti kiko wazi. Na mwambieni mawingu yamekuwa mazito upande wa Koboko, kwa hiyo tutaondoka mara baada ya ibada, wala sitaendesha polepole.