"Mama, Imenasa!"

Mheshimiwa Diwani, Shehe wetu, walimu wa chuo mliosimama na binti yangu Zuleha mpaka leo amevaa joho, kaka yangu Halidi, nanyi majirani wa Mafiga: asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini jambo la Zuleha nimelielewa, ingawa nilianza kwa kuaibika. Ramadhani hii, napika futari, akanipigia simu huku anapiga kelele: "Mama, imenasa! Imenasa!"

Jamani, mama gani angeelewa vingine? Nikakaa chini. Nikauliza taratibu, "Ya nani?"

"Ya kijidudu cha malaria, mama!"

"Zuleha, usinitanie. Baba yake nani?"

Cheka tu, Shehe, nimekuona.

Kumbe kilichonasa ni molekuli aliyoitoa kwenye gome la mti. Kijidudu cha malaria kina protini, na protini hiyo ina kishimo. Molekuli ikikaa humo barabara, protini haifanyi kazi tena. Nyingine zote zilikuwa zikiingia zinachomoka, na mtoto analia. Nikamuuliza, hii imekaaje? Akasema umbo limelingana, chaji zimevutana, na kishimo chenyewe kimejisogeza kuipokea. Nikamwambia, mwanangu, ndivyo nilivyokubeba: ukipanda mgongoni, na mgongo nao unainama kukuweka sawa. Subhanallah! Mwenyezi Mungu ameweka kupokeana hata kwenye vitu tusivyoviona.

Lakini bado si dawa. Imenasa kwenye kichupa tu. Mwilini itakuwaje, hajui mtu mpaka Zuleha aendelee na utafiti, na chuo kimempa nafasi.

Sasa kaka Halidi, kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Najua umemtafutia kazi ya ualimu Ngerengere, kwa mapenzi, ili awe karibu nasi. Nyumbani nilikuomba, ukanijibu "tutaona". Utaona nini tena, kaka, na joho hili hapa? Mbele ya watu wote hawa nakuomba: mwachie aendelee.

Anainuka. Ngojeni kwanza na vigelegele...

Mmemsikia? Kwa wa nyuma, amesema: "Aende. Ngerengere nitakwenda kuwaambia mwenyewe."

Alhamdulillahi! Zuleha, njoo umpe mjomba wako mkono. Ndugu zangu, nilikuwa na maneno mengine, yamekimbia yote. Asanteni kwa kunipa masikio yenu, na Mungu awabariki. Sasa pigeni hivyo vigelegele.