Namba ya Nangila: Wasifu wa Marehemu Gabriel Masinde Sitati, OCS wa Kwanza wa Geti Nne

Mama Trizah, familia, maafande mliofika na majirani wa Geti Nne, nawasalimu. Naitwa Immaculate. Nililelewa na marehemu tangu nikiwa na miaka minne, na ni yeye mwenyewe aliyenichagua nimsomee wasifu wake. Aliniomba nisome pia jambo moja ambalo halikuwemo kwenye karatasi ya kwanza tuliyoiandaa, na kwa ajili ya jambo hilo tumebishana nyumbani wiki nzima. Wasifu wa namna hii huishia kwa maneno ambayo kila mmoja hapa anayajua. Mpaka jana sikujua kama nitaweza kuyatamka. Naomba mnivumilie hadi nifike huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Sitati, fundi wa reli aliyetoka Bungoma. Alianza shule Nakuru mwaka wa 1956, kisha akapelekwa kwa babu yake Bungoma, alikosoma hadi kidato cha pili. Hakuendelea, maana baba yake aliumia mkono kazini na wadogo zake walikuwa watano. Lakini mwandiko wake ulikuwa umenyooka hivi kwamba kijiji kizima kilimletea barua awaandikie. Huo mwandiko hakuwahi kuupoteza.

Aliajiriwa polisi mwaka wa 1968, akapata mafunzo Kiganjo, akahudumu Lodwar, Kericho na Gilgil. Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1988 alitumwa kufungua kituo hapa Geti Nne akiwa OCS, yaani mkuu wa kituo, wa kwanza. Wazee mliopo mnakumbuka kwamba kabla ya hapo, aliyeibiwa ng'ombe alitembea hadi kituo cha Bahati kupiga ripoti, na akirudi ng'ombe ameshaliwa. Kituo kilikuwa nyumba ya mbao ya karani wa shamba la mzungu. Alikuja na makonstebo wanne, baiskeli moja na kitabu kipya cha matukio, kile tunachokiita OB. Kabla hajashusha godoro lake alifungua kitabu, akaandika namba moja: amefika, na mlango wa seli hauna kufuli.

Hapo ndipo mlipomwita Namba. Hakuna aliyetoka ofisini kwake bila namba ya OB, hata aliyekuja kulalamika kwamba jogoo wa jirani anawika mapema. Siku moja kofia yake ya kazi ilipotea sokoni. Alirudi kituoni, akajiripoti mwenyewe kwa uzembe, akajihoji, akajipa onyo, akatia sahihi mahali pawili. Kofia ilipatikana kichwani mwa mbuzi wa muuza viazi, na hilo nalo likaandikwa. "Jambo lisilo na namba halikutokea," ndivyo alivyowaambia makonstebo wake kila asubuhi.

Alimwoa Mama Trizah tarehe 20 Desemba 1975, wakabarikiwa Truphosa na Sitati. Nyumbani pia palikuwa na OB, daftari lililoning'inia kwa uzi kando ya mlango wa jikoni. Humo Mama aliwahi kuandika, "Baba amekula nyama ya wageni." Chini yake, kwa ule mwandiko ulionyooka: "Mshukiwa amekiri." Mimi niliandikwa humo tarehe 12 Juni 1992: "Amefika mtoto Immaculate, miaka minne, viatu hana." Kesho yake alininunulia viatu, akaniinamia na kunifunga kamba mwenyewe. Alinisomesha hadi nikawa muuguzi. Nilimpenda, na sitaki mtu yeyote afikirie kwamba ninasema hivyo kwa sababu leo ni mazishi.

Sasa nafika kwenye lile jambo tulilobishania.

Mama aliyenizaa aliitwa Nangila. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akiuza mboga kwenye kona ya kinu cha posho. Wengi mnajua kwamba aliuawa na mume wake, baba yangu, Ijumaa hiyo ya tarehe 12 Juni. Mnajua pia kwamba Afande ndiye aliyenibeba jioni ile hadi kwake, na mji ukamsifu. Msichokijua, na ambacho hata mimi sikukijua kwa miaka thelathini na miwili, ni kwamba Jumanne ya wiki hiyo mama alikuwa amekwenda kituoni. Mimi alinishika mkono. Nakumbuka kaunta iliyokuwa juu ya kichwa changu, basi.

Mzee Kipngeno, aliyeketi pale mbele, wakati huo alikuwa konstebo wa miezi minane na ndiye aliyekuwa kwenye zamu. Mama alikuwa amepasuka mdomo. Alimwambia marehemu, "Afande, amesema ataniua."

Afande alimjua mume huyo vizuri. Walikuwa watu wa nyumbani, wakikaa pamoja kwenye chama cha watu wa magharibi. Akamjibu, "Mama, hiyo ni maneno ya nyumbani. Rudi tu. Nitamwita huyo bwana yako tuongee kama wazee."

"Hata kama hutamshika, andika tu," mama akasema.

Hakuandika. Kwa mara ya kwanza tangu kituo kifunguliwe, mtu alitoka pale bila namba.

Kesi ilipofika kortini mwaka uliofuata, Afande aliulizwa kama Nangila aliwahi kuripoti kutishiwa. Alifungua OB, akasema hakuna ripoti kama hiyo iliyoandikwa. Hakusema uongo, na ukweli hakuusema. Baba yangu alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka saba, akatoka, akafa mwaka wa 2009 bila kuniomba msamaha. Mama Trizah alijua habari hii tangu siku ile. Ameniruhusu niseme hivyo.

Marehemu alistaafu mwaka wa 2003, akajenga hapa kwenye ekari zake mbili. Mwaka wa 2023 figo zake zilishindwa, akahamia kwangu Kiamunyi ili iwe rahisi kumpeleka Nakuru kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tulikuwa hospitalini Alhamisi tarehe 6 Februari mwaka huu, mashine inazunguka, ndipo akaniambia, "Immah, kuna ripoti ilikuja mbele yangu mwaka wa tisini na mbili." Akanieleza yote bila kujitetea. Alikuwa amefungwa kwenye mashine, hawezi kuinuka, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika chai yake. Niliiweka chini nikatoka. Kwa wiki tatu Truphosa alisafiri kutoka Gilgil kumpeleka hospitali, na mimi nikalala kwa rafiki. Kila nilichokuwa nimemshukuru kilinigeukia kikawa uchungu.

Nilirudi, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa, na kwa sababu sikuwa na baba mwingine. Nilimkuta na lile daftari la jikoni mapajani. Kalamu haikukaa tena mkononi mwake. Akaniomba niandike mimi, yeye aseme. Tuliandika kurasa mbili. Mwisho akasema, "Hii uisome siku ya kunizika, watu wakiwa wengi." Aliaga dunia Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ndugu yangu Sitati hakutaka isomwe. "Mtu hashtakiwi akiwa kwa jeneza," aliniambia, na simlaumu, mimi pia nilijaribu kuiacha. Ni Mama aliyekata shauri. Alisema, "Soma. Lakini soma pia zile viatu." Nimevisoma.

Jumatatu nilikwenda kituoni na Mzee Kipngeno. Konstebo Chepkemboi alitusikiliza, akaweka kalamu chini. "Madam, hii story ni ya ninety-two. Mshukiwa amekufa, complainant amekufa, na OCS mwenyewe ako mochari. Sasa niandike nini?"

"Andika vile alisema," Mzee Kipngeno akamjibu. Alikuwa analia. "Mimi nilikuwa hapo. Kalamu ilikuwa kwa meza."

Msichana yule alitutazama, kisha akavuta kitabu. "Jina ya mwenye kuripoti?"

Nikasema, Nangila.

Marehemu ameacha mjane, Mama Trizah; watoto watatu, Truphosa wa Gilgil, Sitati wa Nairobi, na mimi, Immaculate binti Nangila, wa Kiamunyi; wajukuu saba; na dada mmoja, aliye Bungoma. Kwenye karatasi ya kwanza jina la mama yangu halikuwepo. Nimeliongeza mimi.

Mama yangu Nangila, neno la Konstebo Chepkemboi kwako ni hili: ripoti yako imepokelewa. Ni OB namba 23 ya tarehe 14 Julai 2025. Jambo lako lilitokea.

Na wewe Baba, nimekupenda na nimekukasirikia, na yote mawili nimekuja nayo hapa kaburini kwa sababu sikuwa na pa kuyaacha. Uliniomba nisome, nimesoma. Pumzika. Ila hiyo amani si yangu kukupa, kamwombe Nangila.