Bibi Mstari na Aliyengoja Siku 112

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bibi Mstari anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kompyuta cha hospitali yetu. Hotuba hii naiandika na kuisoma mimi kwa kuwa wenzangu wenye vyeti wameona haya. Mimi cheti sina, lakini mdomo ninao.

Alianza kama karani wa mafaili, akajifunza programu kwa kitabu kisicho na jalada. Jina la Mstari tulimpa sisi: kazi ambayo mwingine angeijazia ukurasa, yeye aliimaliza kwa mstari mmoja. Orodha ya wagonjwa ikija, alichuja waliokwisha kutibiwa, akageuza tarehe za kuandikishwa kuwa siku za kungoja, kisha akapanga. Kila hatua ilikuwa funksheni fupi, yaani agizo dogo kwa kompyuta, isiyo na jina. Sisi tulizibatiza zetu majina marefu kama treni, naye akitucheka kwamba kibarua wa dakika moja hashonewi sare.

Mwaka juzi nilipewa orodha ya upasuaji. Kwa ujuaji wangu, nikaiacha kompyuta ipange bila kuiambia ilinganishe vipi. Kumbe ilizisoma siku kama maneno ya kamusi, kwa tarakimu ya kwanza, nami nikaigeuza orodha ianzie mwisho ili kubwa itangulie: 98 ikatangulia, 9 ikafuata, 112 ikaangukia mkiani. Aliyengoja siku 112 alikuwa mama mshona nguo mwenye uvimbe shingoni, uliokwisha kuanza kumbana pumzi. Karatasi ilikuwa tayari mkononi mwa muuguzi mkuu.

Bibi Mstari aliiona nakala mezani kwangu, akatoka mbio bila viatu kuiwahi ile karatasi, nasi tulidhani hajui kukimbia. Aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu kama kwetu tisa huwa kubwa kuliko mia. Kisha akanikalisha niandike mwenyewe: chukua wagonjwa wawili, toa siku za wa kwanza katika za wa pili, mwenye nyingi atangulie. Mstari mmoja, hauna jina.

Mshonaji alipasuliwa siku ya tatu. Anapumua. Bibi hakumwambia mtu kosa lilikuwa la nani. Leo nalisema mwenyewe, mbele ya wanawe na wakubwa wote.

Ahsante, Bibi yetu. Kuanzia Jumatatu orodha ile i mikononi mwangu, na ninaogopa, jambo lisilo kawaida yangu. Tunakutakia afya, usingizi mnono na wajukuu wasikivu kutushinda sisi. Na siku ukiumwa, Mungu apishe mbali, utapangwa kwa siku zako kama mtu yeyote: hutapendelewa, wala hutasahauliwa.