Sikio la Farasi wa Mbao

Kwenye basi la kwenda bustani ya bembea, bibi mmoja aliketi na fundi rangi mwenye ndoo miguuni. Mimi nilikuwa nyuma yao, sina ninapowahi.

"Wale farasi wa kuzunguka bado wapo?" bibi akauliza. "Enzi zetu vijana waliwasukuma kwa mikono."

"Siku hizi ni mota, mama, na taa, na muziki wa kupasua kichwa. Wa mbao amebaki mmoja, wengine plastiki tupu."

"Aliyekatika sikio?"

"Huyo huyo! Nimemchongea jipya, huwezi kujua."

Bibi akafungua mkoba, akatoa sikio la mbao lililopauka. Nimetembea sana, lakini mkoba wa namna hiyo sijauona.

"Marehemu mume wangu alilishika asianguke, akaanguka nalo. Nilicheka mpaka nikamkubali. Leo nalirudisha."

"Lakini langu limekaa vizuri, mama!"

"Utaling'oa."

"Siling'oi ng'o! Meneja atanifukuza."

"Kwani meneja alikuwepo lilipokatika?"

Basi likasimama. Fundi akamshika bibi mkono ashuke salama, huku akiapa kwamba haling'oi. Bibi akamuuliza kama gundi anayo.