Daraja Limenyamaza

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, karibu na daraja la barabara kuu. Daraja ni zee kuliko sisi sote. Miaka nenda miaka rudi, ule ukanda wa chuma pale linapoungana na barabara ulikuwa umelegea, kila gari likipita unagonga. Wiki hii mafundi wameung'oa, wameweka mpira. Magari yanateleza kimya na watu wamefurahi, isipokuwa Pancha, fundi wa matairi. Kahawa yake imepoa mkononi. Mimi nakaa katikati, kwa hiyo ujinga wa pande zote mbili unanipitia.

— Chuma kile kimeshauzwa, alianza Kinyozi. Tutakiona kimekuwa sufuria.

— Sufuria wapi, alisema Shangazi, muuza kahawa wetu. Mpira ule ni ili daraja likunjike. Likichoka kabisa wanalibeba zimazima.

— Wanalipeleka wapi?

— Penye mto usio na daraja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo imeingiaje hapa, Shangazi?

— Kwa miguu yake. Kunywa kahawa.

Kinyozi hajawahi kukubali kushindwa.

— Basi mpira ule unasikiliza nani kapita na kabeba nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuta zina masikio.

— Pancha, hebu sema neno, nikamwambia.

— Wangeacha chuma kipande kimoja tu.

— Ili daraja lituangukie?

— Ili nimsikie mwanangu.

Hapo mzaha ukaisha. Binti yake anaendesha lori. Siku Pancha alipomwambia hiyo si kazi ya mwanamke, waligombana, na tangu hapo binti hasimami hapa, anapita tu. Malori ya tajiri wake yote yanafanana, ila tela la binti lina mnyororo uliolegea. Likivuka chuma, mnyororo ulikuwa unalia. Pancha akiusikia, anaacha tairi chini na kutazama mpaka lori lipotee.

— Ilikuwa inanitosha, alisema. Kapita, mzima, nalala. Sasa nitajuaje? Nimemkumbuka mwanangu, jamani.

— Damu nzito kuliko...

— Kinyozi, leo pumzika, alisema Shangazi.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mmoja wa mafundi wa daraja, msichana mwenye kofia ngumu, akisubiri kahawa.

— Shikamoo mzee. Samahani, nimesikia bila kutaka. Yeye anajua kwamba huwa unamsikiliza?

Pancha akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikombe. Shangazi akainamisha birika, likatoa tone, basi.

Lori likavuka daraja bila sauti. Pancha akainuka, akasogea mpaka ukingoni mwa barabara na kupunga mkono. Sijui kama lilikuwa la binti yake. Likaja jingine, akalipungia nalo.